Fundi Nerima na maji yaliyokuwa yakipotea mlimani

Saa mbili kasorobo asubuhi, moshi wa kwanza wa dizeli unapanda juu ya mabati ya Bondeni, mjini Nakuru, na Nerima Wanjala amekwisha kuzama ndani ya pikapu ya kijani hadi kiunoni. Anayepita barabarani anaona gambuti, sketi iliyovaliwa juu ya suruali na leso iliyofungwa kichwani. Mengine yote yako ndani ya boneti.

"Washa," anasema.

Mwenye gari, mwanamke mrefu aitwaye Cheruto, anawasha. Injini inakohoa, inatikisa gari zima, kisha inashika. Kifuniko cha rejeta kimefunguliwa kabla injini haijapata moto, na Nerima anakodolea macho maji yaliyomo ndani kana kwamba anatazama uji usije ukafurika.

"Hakuna povu," anasema. "Zima."

Cheruto anashuka na kuegemea mlango. Ametoka na gari hili Mau Narok kabla ya jua kuchomoza, akishuka polepole na jagi la maji pembeni mwa kiti.

"Hii gari imenimaliza, fundi," anasema. "Nimebadilisha rejeta. Nimebadilisha mipira yote. Pampu ya maji ni mpya. Kila fundi anapata kitu cha kubadilisha, na kila nikipanda kwenda nyumbani inachemka. Wa mwisho ameniambia injini imekufa, niuzie watu wa vyuma vikuukuu."

"Na maji yanaenda wapi?"

"Hapo ndipo sielewi. Nikiegesha, chini hakuna hata tone."

Nerima anapangusa mikono. Ana umri wa miaka hamsini na sita, sauti ya chini, na tabia ya kukaa kimya kidogo kabla ya kujibu. Wateja wapya hudhani hajasikia.

"Maji hayana uchawi," anasema hatimaye. "Yanatoka mahali. Tutayafuata tu."

Kwa gari la umri huu, anaeleza, maji yanayopoza injini yanaweza kupotea kwa njia nyingi. Yanaweza kuvuja kwenye rejeta, kwenye mipira au kwenye pampu. Mara nyingine gasketi ya juu ya injini huungua na maji yakaingia yasipotakiwa. Hilo ndilo baya kuliko yote, na ndilo fundi wa mwisho alilomtishia nalo Cheruto.

Nerima anachomoa kijiti cha oili na kukionyesha kwenye mwanga. Maji yangekuwa yameingia kwenye oili, ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ni nyeusi, safi kwa namna yake. Moshi wa ekzosi si mweupe, na rejeta haikutoa povu: gasketi ni nzima. Zulia la ndani, upande wa abiria, ni kavu: hakuna maji yanayovujia ndani ya gari. Anafunga pampu ndogo ya mkono kwenye mdomo wa rejeta, anasukuma upepo, na mshale wa kipimo chake unasimama palepale bila kushuka.

"Ikiwa baridi, haivuji," anasema. "Huwa inachemkia wapi hasa?"

"Mlimani tu. Kushuka haina shida. Kupanda ndiyo inakunywa maji kama ng'ombe."

"Mlima upi?"

"Ule wa kwetu. Ukipita Likia. Sisi tuko mbele ya Madirisha kidogo."

Nerima anaacha alichokuwa akifanya. Anamtazama mteja wake, kisha anatazama upande mwingine, kule ambako wauzaji wa vipuri wanafungua milango ya vibanda vyao.

"Madirisha," anasema. "Bado panaitwa hivyo?"

Madirisha ni steji ya matatu siku hizi, kibao kilichopauka na maduka machache. Lakini Nerima alipozaliwa lilikuwa jina la shamba zima, eneo la ngano lililoanzia barabarani hadi mahali macho yalipochoka. Wafanyakazi waliliita Kwa Madirisha kwa sababu ya nyumba ya mzungu mwenye shamba, iliyokuwa na madirisha mengi kuliko nyumba yoyote waliyowahi kuiona.

Babake, Wanjala, alitoka Bungoma akiwa kijana na kuajiriwa pale kutengeneza matrekta na mashine za kuvunia. Mamake, Nafula, alipalilia pareto. Nyumba yao ilikuwa moja katika safu ndefu ya nyumba za wafanyakazi, na asubuhi za Julai baridi ilikuwa kali hivi kwamba maji yaliyosahaulika nje kwenye karai yalipata ngozi ya barafu.

"Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, na msichana," anasema Nerima. "Baba hakuwa na mtu mwingine wa kumshikia spana. Nilikuwa naosha vipuri na mafuta ya taa. Akinituma spana namba kumi na tatu nikileta kumi na nne, hagombi. Anairudisha mkononi mwangu na kusema, 'Iangalie tena.' Mpaka leo ndivyo nafanya kazi. Naangalia tena."

Alipokuwa na miaka kumi na tisa, babake aliugua kifua na kufa katika msimu wa kuvuna. Kwa desturi yao angerudishwa Bungoma, lakini kule hapakuwa na boma lililobaki la kumpokea, na mvua ilikuwa imekata barabara. Mwenye shamba aliwaruhusu wamzike pembeni mwa shamba la ngano, juu kidogo ya karakana. Wafanyakazi wenzake ndio waliochimba.

Halafu shamba likauzwa. Liligawanywa vipande, wanunuzi wakaja na kamba za kupimia, na familia za wafanyakazi zikaambiwa zihame kabla ya upanzi. Nafula na watoto wake walipanda lori la viazi lililokuwa likishuka Nakuru, na vyombo vyao vikiwa juu ya magunia.

"Mama alikaa akitazama nyuma," anakumbuka Nerima. "Dereva alimwambia ageuke, vumbi litamwingia machoni. Hakugeuka."

Walipata chumba Bondeni. Nafula akaanza kuuza chai kwenye gereji, na binti yake, aliyekuwa akimbebea birika, akaanza kuegemea magari na kusikiliza. Siku moja fundi mmoja alishindwa kujua kwa nini lori haliwaki. Nerima akasema ni upepo umeingia kwenye bomba la dizeli. Walimcheka. Alimaliza kugawa chai, akaja na spana, akailegeza nati moja hadi upepo ukatoka, akaikaza, na lori likawaka.

Hakubeba birika tena. Amekuwa fundi hapa Bondeni tangu wakati huo, na kazi hiyo imewasomesha wadogo zake wote. Hadi leo wateja humdhania mama wa chai na kumwuliza, "Mathe, fundi yuko wapi?" Naye hujibu, "Unaongea naye."

Lakini Mau Narok hakuwahi kurudi. Ni safari ambayo magari ya Nakuru huifanya kila siku, na bado kwake imekuwa ndefu.

Alijaribu mara moja, miaka michache baada ya kuhama. Alifika Njoro. Ulikuwa wakati ambao watu walikuwa wakichomewa nyumba, na abiria wenzake wakamshauri ashuke. Alishuka. Hali ilipotulia, alibaki na hofu ya aina nyingine.

"Nikienda nitasema nini?" anauliza. "Nibishe kwa mtu, nimwambie kuna kaburi letu kwake? Huku kwetu ukitaja kaburi mtu anasikia shamba. Anadhani umekuja kudai. Nikawa najiambia, mwaka ujao. Mwaka ujao. Na mama kila mwaka ngano ikianza kuuzwa sokoni ananiuliza, 'Huko juu wameshavuna?' Hanitajii baba. Ananiuliza tu kama wameshavuna."

Yote haya hakumwambia Cheruto asubuhi hiyo. Alimwambia tu kwamba gari lazima lipandishwe mlima.

Kwanza walijaribu mteremko wa kuelekea Menengai, ambako mafundi wa mjini hupima magari. Walipanda na kushuka, na pikapu haikupoteza chochote. Mlima ule ni mfupi. Injini ilikuwa haijapata moto vya kutosha.

"Basi ni kule kwenu," alisema Nerima. Akafungua boneti tena na kupitisha kioo kidogo ubavuni mwa injini, chini ya ekzosi, mahali ambapo jicho halifiki. Akaona alama nyembamba nyeupe, kama chaki iliyopanguswa kwa kidole. Akaiangalia tena. Kisha akaenda kwenye kibanda cha vipuri na kurudi na kitu kidogo cha chuma mfano wa kifuniko cha chupa, akakitia kwenye mfuko wa vifaa pamoja na nyundo, patasi na bomba la gundi ya injini.

"Ni nini hicho?" aliuliza Cheruto.

"Bado ni shaka tu. Mlima ndio utasema."

Tulikuwa watatu kwenye kiti kimoja kirefu: Cheruto kwenye usukani, mwandishi wa makala haya katikati, na Nerima dirishani. Tulipita Njoro na Chuo Kikuu cha Egerton bila tatizo. Cheruto alizungumza kwa niaba ya wote. Alisimulia jinsi marehemu mumewe alivyonunua pikapu hiyo ikiwa tayari imezeeka, na jinsi majirani wanavyoitegemea mvua ikinyesha, kwa sababu ndiyo pekee inayoweza kutoka na mgonjwa kwenye matope.

"Wameniambia niiuze," alisema. "Mnunuzi anakuja Jumamosi. Lakini nikisikia ikiwaka asubuhi, nasikia ni kama yeye ndiye ametoka nje."

Nerima aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Barabara ilizidi kupanda. Hewa ilibadilika. Mikaratusi ikaiachia nafasi miti ya mwerezi, na upepo uliokuwa ukiingia dirishani ukawa na ubaridi wa udongo uliolimwa. Alifunga kioo, kisha akakifungua tena.

Kabla ya Likia, mshale wa joto ulianza kupanda.

"Usisimame," alisema Nerima. "Panda mpaka nikwambie."

Mshale ulipokaribia wekundu, akasema, "Sasa. Pembeni. Usizime kwanza."

Aliruka chini na kuinua boneti huku akikwepa joto. Hakugusa kifuniko cha rejeta. Alilala ubavu kwenye nyasi za kando ya barabara na kutazama kuelekea juu kupitia nafasi ya gurudumu, akitumia kile kioo. Cheruto alisimama juu yake, mikono kichwani.

"Nimekuona," Nerima alisema. Hakuwa akimwambia yeyote kati yetu.

Alimwita Cheruto ainame naye. Ubavuni mwa injini, chini ya ekzosi, kuna vizibo vidogo vya chuma vinavyofunga matundu ya njia za maji. Kimojawapo kilikuwa kimeliwa na kutu ukingoni. Injini ikiwa baridi, kilikaa kimya. Injini ikipata moto mlimani na maji yakisukumwa kwa nguvu, kilitoa unyuzi wa maji mwembamba kama uzi wa kushonea, ambao uliruka moja kwa moja hadi kwenye ekzosi yenye moto na kuwa mvuke. Hakuna tone lililowahi kufika chini.

"Miezi yote hii," alisema Cheruto. "Kwa kitu kama kifuniko cha soda?"

"Wenzangu hawakuwa wajinga. Gari ilikuwa inawaonyesha uso mwingine. Kule chini hailii, inalia huku."

Injini ilizimwa, ikaachwa ipumue, ikaongezwa maji. Nyumbani kwa Cheruto palikuwa karibu kuliko kurudi, kwa hivyo tulipanda polepole, tukisimama kila mshale ulipoinuka. Tulipita maduka ya Madirisha. Nerima aligeuza shingo kuyafuata hadi yalipopotea.

Uani kwa Cheruto, fundi alitoa vifaa vyake na kuvipanga juu ya gunia, kisha akasimama tu. Injini yenye moto haiguswi. Ilibidi kungoja ipoe kabisa.

"Kaa basi tupate chai," alisema Cheruto.

"Cheruto," Nerima alisema, "ile karakana ya zamani ya shamba, bado iko?"

"Ukuta mmoja umebaki. Uko kwa Kabiru. Kwani unaijua?"

Ndipo aliposema. Alisema akiwa amesimama, kwa sentensi fupi, akikunja na kukunjua kitambaa cha kupangusia oili. Cheruto alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu aliingia ndani, akafunika moto wa jikoni, akatoka na shuka mbili za kujifunga dhidi ya baridi, moja akampa.

"Si mbali," alisema. "Twende."

Kabiru ni mkulima wa makamo, mtu mwenye mabega mapana na maneno machache. Tulimkuta akirekebisha lango. Alimsalimu Cheruto kama jirani, kisha akatutazama mimi na Nerima, akatazama daftari langu, na uso wake ukakunjamana.

"Hawa ni wa wapi?"

"Ni wageni wangu kutoka Nakuru," Cheruto alijibu. "Huyu ni fundi wangu wa gari. Alizaliwa hapa, enzi za mzungu. Kuna kitu angetaka kukuuliza."

"Kitu kuhusu shamba?"

Kabiru aliweka nyundo chini.

"Maana watu huja," alisema. "Wengine huja na karatasi. Baba yangu alinunua hapa kwa jasho lake, na mimi sina pa kwenda pengine."

"Sina karatasi," Nerima alisema. "Sitafuti shamba, ndugu yangu. Natafuta baba."

Upepo ulikuwa ukivuma kutoka upande wa ngano. Kabiru alimtazama kwa muda mrefu.

"Baba yako alikuwa nani hapa?"

"Alikuwa akitengeneza matrekta."

Kabiru alivua kofia. Aliivua kama mtu aliyejikuta kanisani bila kutarajia.

"Njoo," alisema.

Alitutangulia kupitia njia ya magurudumu ya trekta katikati ya ngano iliyokuwa bado ya kijani, imefika magotini. Tulipita ukuta wa karakana, mabua ya magugu yakichungulia pale palipokuwa na dirisha. Tulipanda kidogo. Na hapo, ndani ya shamba lililolimwa kwa mistari iliyonyooka toka mwanzo hadi mwisho, mistari ilipinda. Ilizunguka kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa chumba, kilichoota nyasi na upupu, chenye mawe machache katikati. Kisha ikarudi kunyooka upande wa pili.

"Baba aliponunua," Kabiru alieleza, "waliompimia walimwambia hapa amelala fundi wa trekta. Akasema trekta isipite juu ya mtu aliyekuwa akiitengeneza. Alipofariki akatuachia neno hilo hilo. Sisi huzunguka. Mwenye mashine ya kuvuna akija, jambo la kwanza tunamwonyesha hapa. Wengine hulalamika kuwa tunapoteza ngano. Lakini jina hatukujua. Hakuna aliyetuambia jina."

Nerima alikuwa amesimama ukingoni mwa nyasi. Hakuingia.

"Wanjala," alisema. "Anaitwa Wanjala."

Kabiru alilirudia jina hilo polepole, kama anayelipokea mkononi. Halafu yeye na Cheruto walirudi nyuma hatua chache na kumwacha.

Nerima alivua gambuti. Alikanyaga nyasi akiwa na soksi tu, akapiga magoti karibu na mawe, akaanza kung'oa upupu kwa mikono mitupu bila kujali unavyowasha. Aling'oa hadi pakabaki peupe. Alikuwa akizungumza kwa Kibukusu, sauti ya chini, na hatukujaribu kusikiliza. Alipoinuka uso ulikuwa umelowa na mikono imevimba.

"Nilidhani nitakuta wamelima," alisema. "Nilijitayarisha kwa hilo. Nilikuwa nimejiambia nikikuta wamelima nitashukuru tu, nirudi. Kwa hili sikuwa nimejitayarisha."

Tulirudi uani kwa Cheruto, na injini ilikuwa imepoa. Nerima aliosha mikono kwa maji baridi, akangoja vidole vitulie, kisha akaanza kazi.

Alimwaga maji yote. Alitoa gurudumu na bati linalokinga joto, akakaa kwenye kigoda ndani ya nafasi ya gurudumu. Kizibo kibovu alikigonga upande mmoja kwa patasi hadi kikageuka ndani ya tundu lake, akakivuta nje kwa koleo. Kilikuwa kimebaki chembamba kama karatasi. Alisafisha ukingo wa tundu hadi chuma kikang'aa, akapaka gundi, akakipachika kizibo kipya na kukigonga ndani taratibu, pigo moja baada ya jingine, akiweka kichwa pembeni kusikiliza mlio. Mlio ulipobadilika na kuwa mzito, aliacha.

"Kimekaa," alisema. Halafu akakiangalia tena.

Vizibo vingine alivipitia kimoja kimoja kwa kioo. Alimwambia Cheruto kwamba kile cha nyuma nacho kimechoka, kitahitaji kubadilishwa kabla ya mvua ndefu, na kwamba asitie tena maji ya mtoni peke yake, kwa kuwa ndiyo yanayoleta kutu. Hakumficha kwamba injini imezeeka. Alimwambia haijafa.

Gundi iliposhika, walijaza maji na dawa ya kuzuia kutu, wakaipandisha pikapu hadi kwenye mlima mkali zaidi, ule wa kuelekea msituni, ikiwa imepakiwa magunia ya viazi. Mshale ulifika katikati na kukaa hapo. Cheruto aliendesha akiwa amefumba midomo. Walipofika juu alizima gari, akaegemeza paji la uso kwenye usukani.

Jioni hiyo alimpigia simu mnunuzi wa vyuma vikuukuu na kumwambia asije.

Jumapili iliyofuata, Bondeni kumetulia. Gereji zimefungwa, na kutoka kwenye makanisa ya mabati nyimbo zinafika kwa vipande. Nerima anaishi na mamake katika moja ya nyumba za zamani za baraza la mji, ukuta kwa ukuta na majirani. Mama Nafula ana zaidi ya miaka themanini. Macho yamefifia, magoti yamegoma, lakini masikio yake hayakosi kitu.

Nerima alimweleza yote usiku ule ule aliporudi. Anasema mamake hakulia. Alimtaka asimulie tena jinsi mistari ya ngano inavyopinda, na alipomaliza akamtaka asimulie tena.

"Alitaka kujua inapinda upande gani," Nerima anasema. "Nikamchorea kwenye kiganja."

Leo mama ana maswali mengine. Anauliza watu wa Kabiru ni akina nani, na mke wake anaitwa nani. Anauliza kama mwerezi ulio juu ya karakana umesimama. Anauliza kama upepo wa mchana bado unatoka upande wa msitu.

"Unatoka kule kule, Mama."

"Unapiga filimbi?"

"Unapiga."

Mikono ya Mama Nafula, iliyokunjika kwa miaka ya kupalilia pareto, imekaa mapajani.

Nerima anaeleza mpango. Kabiru amewaambia waje Desemba, baada ya mavuno, shamba likiwa wazi, ili gari liweze kumfikisha mama hadi penyewe bila kukanyaga ngano. Cheruto ameahidi pikapu. Wadogo zake Nerima watakuja, mmoja kutoka Bungoma, mwingine kutoka Kitale. Itakuwa mara ya kwanza kwa wote kusimama pamoja mbele ya baba yao tangu lile lori la viazi.

"Desemba ni mbali," anasema mama.

"Ngano haijaiva, Mama."

"Mimi nimeiva."

Nerima anacheka. Anaingia chumba cha pili na simu. Tunamsikia akimsalimu Kabiru, akimwuliza habari ya watoto, akizunguka maneno. Mwishowe anaomba: mama hawezi kungoja Desemba. Anaporudi, simu bado iko mkononi.

"Amesema nimlete mvua ikikatika tu," anasema. "Amesema atafyeka njia kwenye ngano, upana wa gari."

Mama Nafula anafumba macho. Kwa muda inaonekana kama amelala.

Hakuna ujenzi wa kaburi unaopangwa, wala jiwe la kuandikwa jina. Nerima anasema hataki kumpa mwenye shamba wasiwasi wowote, na kwamba jina sasa limekwisha kufika pale linapotakiwa, kwa watu wanaolima. Anachokitaka ni kidogo kuliko hayo, na ndicho alichokuwa akikitaka miaka yote hii.

"Nataka mama akae pale kwenye kiti, ajifunge shuka, asikie huo upepo," anasema. "Sitamharakisha. Tutarudi atakaposema turudi."

Na asiposema?

Nerima anamtazama mamake.

"Basi tutakaa," anasema.